Behewa 7919

Treni ya Kigoma imechelewa saa tano.
Mimi karani wa mizigo, zamu ya usiku, stesheni ya Tabora,
nimeshahesabu madumu ya asali ya Sikonge,
nikayahesabu tena kwa kutojiamini.
Limebaki behewa moja kwenye njia ya pembeni,
kutu ubavuni, na namba kwa rangi nyeupe:
elfu saba mia tisa kumi na tisa.

Nikapindua hati ya mzigo, nikaanza kugawa mgongoni mwake.
Kwa mbili? Mkia wake tisa.
Kwa tatu: nikajumlisha tarakimu, ishirini na sita, zikagoma.
Kwa tano sikunyanyua hata kalamu.
Saba ikabakisha mbili.
Kumi na tatu, mbili tena.
Ishirini na tisa, mbili zilezile,
kama noti chakavu ambayo kila duka linakurudishia
na hakuna duka linaloipokea.
Kumi na moja nusura: ilipungua moja tu.

Kasanga wa taa akachungulia dirishani.
"Bi Mhoja, unatafuta nini?"
"Kigawo."
"Cha nani?"
Sikumjibu. Hapa kwetu hata reli hugawanyika,
huku Mwanza, huku Kigoma,
na ikifika Kaliua inachanika tena kuelekea Mpanda.

Jaribio la ishirini na tatu, themanini na tatu:
baki thelathini na nne.
Kisha themanini na tisa kwa themanini na tisa,
ikapitiliza kwa mbili,
nikaweka kalamu chini.
Kigawo kikubwa hakitembei peke yake,
huja na mwenzake mdogo,
na wadogo wote nimeshawarudisha mlangoni.

Namba tasa.
Mwalimu Kapufi alipoliandika ubaoni darasa lilicheka.
Nami nilicheka, sikujua
kwamba nitalikuta tena ukweni, Isevya,
likisemwa kwa sauti ya chini
ya watu wanaojua kuwa unasikia.

Jirani yake, elfu saba mia tisa ishirini,
ana vigawo sitini.
Nyumba imejaa; kila abishaye hodi hupewa kipande.
Yeye ana moja, na nafsi yake.
Basi nikamvunja huyo jirani, kwa husuda tu, nakiri,
nikavunja mpaka pasivunjike tena:
zikabaki mbili, tatu, tano, kumi na moja,
zimejirudia hapa na pale,
tasa watupu.
Nyumba nzima ile, na watu wake sitini,
imesimama juu ya tasa.

Saa kumi alfajiri reli zikaanza kutetema.
Kasanga akaliunga behewa, chuma kikaitika chuma.
Kwenye safu ya Maelezo nikaandika:
Limekaguliwa. Ni zima.

Madumu sikuyahesabu tena.