Kombo

Innes Cowie ameshindwa na jina langu.
Mwanakombo ni refu mno, asema, kwa kinywa cha Buckie,
akalikata, akabaki na Kombo.
Sikumweleza maana. Nilicheka peke yangu
nikishuka ngazi zake zilizomwagiwa chumvi ya barafu,
kwani kombo ndiyo kazi inayonilisha:
mimi ni fundi wa vipimo, hospitalini Elgin.
Napima kinachopima,
mizani ya vichanga, mashine za presha,
natafuta palipopinda.

Kwake, juu ya meza ya redio,
kipo kipimo cheusi, kioo chake cha manjano
kama jino la mvutaji.
Anabonyeza ufunguo wa Morse, mshale unaruka,
unatua kwenye mia. Wati mia.
Miaka thelathini na mitatu, kila daftari, kila mstari:
Bergen, mia. Torshavn, mia. Bwana mmoja wa Riga
mwenye kigugumizi hata katika nukta zake, mia.

"Una hakika?"
Lilinitoka tu, ni ugonjwa wa kazi.
Akaniangalia kana kwamba nimeuliza umri wa marehemu mkewe.

Tukaanza Novemba.
Kopo la rangi, lita mbili za mafuta ya kupikia,
na ndani yake rezista ya omu hamsini
imezama kama andazi lililosahauliwa.
Blanketi la sufu tukalizungushia kopo.
Antena tuliichomoa. Usiku ule Innes hakuzungumza na mtu,
nguvu zake zote zilikwenda kwenye mafuta.
Nusu tofali juu ya ufunguo, dakika kumi.
Kumi na nne ikawa ishirini na tano.

Jioni zilizofuata, kopo likishapoa, tulirudia
kwa mkondo mnyoofu,
volti na ampea nilizozihakiki mwenyewe,
tukitafuta ule utakaoyapasha mafuta kiasi kilekile.
Joto halina upendeleo, halijali chapa ya kiwanda.
Volti sabini: yakapanda mno.
Hamsini na tano: yakasinzia kwenye ishirini na tatu.
Sitini, kwa ampea moja nukta mbili:
ishirini na tano.

Akazidisha kwa penseli nyuma ya bahasha ya kodi.
Akazidisha tena, polepole, kama mtu anayehesabu chenji
mbele ya muuza duka ambaye ni rafiki.
Sabini na mbili.

Njia ya mwongo ni fupi, husema kwetu.
Huyu alifika Bergen, akapokelewa vizuri,
akarudi na salamu na habari za mvua.
Nikamwambia Innes: sikio la Riga halitambui
mia na sabini na mbili, tofauti ni unyoya.
Hakujibu. Alikuwa anafungua kipimo,
skrubu nne za nyuma, anazipanga kwenye kisosi.

Ndani, ile ndogo ya kurekebishia mshale
ilikuwa imezibwa isigeuke
kwa tone la rangi ya kucha. Nyekundu.
Mimi nilikwisha kushika bisibisi.
"Iache," akasema.

Baadaye sana, chai imeshapoa:
"Hakikuwahi kufika mia, unajua, tangu nikinunue.
Nililalamika majira mazima ya baridi.
Asubuhi moja Elspet akaniambia, hebu jaribu tena."

Akakirudishia kifuniko vilevile.
Kisha akashusha madaftari, arobaini na moja,
na kwenye ukurasa wa kwanza wa kila moja akaandika:
*Panaposomeka mia, soma sabini na mbili,
ongeza au punguza tatu.*

Hizo tatu tulibishana. Yeye alitaka mbili.
Nikamwonyesha kipimajoto, upana wa mistari yake,
akakubali kwa shingo upande.

Akaniuliza jina langu lote, la shahidi.
Nikamtajia herufi moja moja,
naye akazigonga kwanza kwa kidole mezani,
fupi, ndefu, ndefu,
ndipo akaandika.
Zilitakiwa kumi. Alizoandika ni tisa.
Nikaliacha.