Saa Sita

Kadhi aliandika kwa wino wa buluu:
baba atapewa mtoto kwa saa sita,
Jumamosi moja, inayofuata aruke,
amchukue saa tatu, amrudishe saa tisa,
makabidhiano yawe upande wa Likoni
penye kibanda cha muuza kadi za simu.

Nilipomsomea Nadhra ile karatasi
alicheka. Saa sita si adhuhuri, Baba?
Yaani utakaa nami
adhana ikianza mpaka ikiisha?

Sikumsahihisha.
Kuna siku huwa hivyo hasa.

Feri haikuitwa shahidi.
Haikula kiapo, haikuulizwa neno,
wala hakuna aliyemweleza mheshimiwa
kwamba moja ikiharibika
sisi wa kisiwani husimama juani, bega kwa bega,
twatazama ng'ambo kama watu wanaodai.
Leo zimekwenda dakika arubaini kabla sijamwona.
Nani atanirudishia hizo?

Mjomba wake Sudi hunipa mkono bila kunitazama,
kisha hunipa mkoba: nguo ya kubadili, dawa ya kifua,
na kikaratasi cha mwandiko wa Batuli.
*Asile pilipili. Asinywe maji ya barafu.*
Herufi zile zile za orodha ya sokoni.
Ile *s* yake bado imelala upande.
Miaka tisa nimeisoma *s* hiyo,
naijua ikikasirika, naijua ikicheka.
Leo yasema vijiko viwili baada ya chakula, basi.

Nimemnunulia viatu, namba ishirini na tisa,
namba niliyoiacha nilipotoka nyumba ile.
Akaviingiza kwa nguvu, akakunja vidole,
akasema, Vyanienea, Baba.
Akatembea kutoka Mwembe Tayari hadi Makadara
akichechemea kwa adabu,
nami nikijitia kutazama madirisha ya maduka.
Mpaka kwa mama wa viazi karai
akavua kimya. Malengelenge mawili, pacha.

Nikambeba.
Mzito.
Hakuna aliyeniambia amekuwa mzito.

Bila pilipili, nikamwambia mama wa viazi.
Tia, akasema Nadhra. Ami Faraji hunitilia.
Ami Faraji ni nani? niliuliza,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei
ya kitu asichokusudia kununua.
Yuwaja kwetu. Alinitengenezea baiskeli.

Mimi, ninayetengeneza friji za nusu ya mji huu,
nikainamia bakuli la ukwaju
nikatafuta mbegu isiyokuwamo.

Waliniuliza mshahara, mle mahakamani.
Chumba changu kina madirisha mangapi,
nani atampikia, nani atamsuka.
Nilijibu yote, madirisha nikaongeza moja.
Hawakuniuliza kama najua
kwamba hulala mguu mmoja nje ya shuka,
na ukiurudisha ndani, huamka.

Saa nane kasoro robo tukaondoka, kwa kuihofia feri.
Ikawa imetegesha mlango, yatungoja,
ikatuvusha upesi kama iliyotumwa.
Tukafika ng'ambo mapema, dakika hamsini,
zetu, halali, zilizoandikwa kwa wino wa buluu,
na Sudi tayari amesimama penye kibanda.

Tujifiche, akaninong'oneza.
Tukajibana nyuma ya gari la soda,
ndara zake za zamani miguuni, kichwa chake mbavuni mwangu.
Sudi alituona. Naapa alituona.
Aliangalia saa yake,
akatugeuzia mgongo,
akanunua kadi ya simu, akaikwangua polepole,
akanunua nyingine.

Viatu nimerudi navyo.
Kesho nitambembeleza muuzaji anibadilishie,
anipe thelathini na moja.
Au thelathini na mbili,
kwa kuwa ni wiki mbili.