Kibao cha Famau

Wamekipigilia ukutani, kibao cha shaba,
Barabara ya Digo, Pumwani, palipokuwa na duka la majani,
katikati ya fundi wa viatu na muuza laini za simu.
Diwani alikata utepe. Tulipewa soda ya machungwa, ya moto.
"Hapa," kinasema kibao, "aliishi
FAMAU LALI MBWARAHAJI,
mshairi na mfanyabiashara wa chai."

Mfanyabiashara!
Angelisikia angeliuliza tajiri huyo ni nani.
Mizani yake ilikuwa na jiwe moja la robo,
na kopo la maziwa lililojazwa kokoto, la nusu robo.
Daftari lake lilikuwa moja tu:
mbele madeni, nyuma beti,
na katikati, zilipokutana,
hukujua Mama Syokau anadaiwa senti themanini
au anasifiwa.

Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa.
Nilitoka Gorofani, sarafu imeloa jasho kiganjani.
"Ndoo," akaniambia siku ya kwanza,
nami nikageuka huku na huku
kutafuta hiyo ndoo ya maji nimletee.
Alicheka hadi majani yakamwagika mezani.
Kwao Amu, akanieleza, anayeitwa huambiwa ndoo,
jua ni yua, njia ni ndia,
na haya mawili unayonikodolea, Mumbua,
haya ni mato.

Chai aliifunga kwa karatasi, pembe tatu,
na upande wa ndani, kwa kalamu ya risasi, ubeti.
Mama hakujua kusoma.
Majani sufuriani, karatasi jikoni, kiberiti.
Hesabu mwenyewe:
nyumba arobaini, kila jioni, miaka kumi na tisa.
Mtaa mzima tulichemshia chai maneno yake,
tukasema leo imekolea.

Moja ilisalia kwa kuwa niliiba.
Niliificha ndani ya daftari la hesabu,
ina doa la majani lenye umbo la sikio.
Hiyo ndiyo niliyowapa kamati.
Wao walinirudishia nakala,
ile yenye sikio sijui iko kabati gani.
Ilisema hivi:

    Ndoo uketi kitini, chai i juu ya moto,
    Yua latua ndiani, laniwasha yangu mato,
    Kama una neno ndani, usilifanye ni ndoto,
    Litamke la nyumbani, lisemwavyo na mtoto.

Sasa kasome shaba.
Njoo. Jua. Njiani.
Hesabu kwa vidole, mizani imetimia,
nane kwa nane, hakuna aliyeibiwa.
Kisha ufike mwisho wa mstari wa pili
uteleze.
Moto, macho, ndoto, mtoto.
Kinywa kizuri, na jino moja la mtu mwingine.

Nilimtafuta kijana aliyechonga, Wekesa,
karakana yake iko nyuma ya Gikomba.
Akanivutia kiti, akakifuta vumbi.
"Mama, kompyuta ilipiga mstari mwekundu chini ya neno.
Nikajua mzee alikosea.
Nikamsitiri."

Alimsitiri.
Ningemkasirikia vipi mtu anayekufutia kiti?
Nilimwambia ahsante, nikaondoka,
nikafika mpaka kwenye daraja ndipo nikaanza kutukana,
kwa Kikamba, polepole.

Jumanne nilirudi Digo
na msumari wa inchi tatu mkobani.
Nilingoja askari wa kaunti wapite.
Nikajifanya mwanamke mzee anayesoma kibao,
jambo ambalo halikuhitaji kujifanya.
Na pale, juu ya c na h,
mwenzangu alikuwa amenitangulia:
mkwaruzo mbichi, bado unang'aa,
t moja, imepinda shingo.
Labda kwa ufunguo. Labda kwa kisu cha ngozi.

Nilimgeukia fundi wa viatu.
Alikuwa akigonga soli, misumari imejaa mdomoni.
Hakuinua mato.