Ung'ong'o

Sallieu amekuja tena na sanduku lake la barafu,
pikipiki ikikohoa mpaka mlangoni pa duka langu la mawese.
Huu ni mwaka wa saba. Ananiita Mama Yainkain
ingawa tulikaa dawati moja
na hesabu zote alizofaulu zilikuwa zangu.

"Vibomba vitatu tu," anasema.
Hajawahi kusema hiyo "tu" bila kutazama pembeni.

Mshipa wa kushoto umeshamzoea,
unajitokeza kama mtoto aliyeitwa kwa jina.
Tunazungumzia bei ya mchele wa Rokupr
huku damu ikipanda kiooni,
nyeusi kuliko ninavyoikumbuka.

Mwaka jana nilimwomba anichoree.
Akachora nyuma ya risiti:
mstari unapanda ghafla, kama mtu akweaye mchikichi huku anafukuzwa.
"Hapa ni mwezi wa kwanza."
Kisha unashuka, unashuka,
halafu unatandaa, hauanguki, haupandi,
kama mtu aliyechoka lakini hataki kuketi.
"Kingamwili zako. Zimepungua, lakini zipo."
Nikamuuliza: zinatosha?
Akafunika kalamu.
Kuzihesabu tunajua, akasema.
Hatujui ngapi ni ukuta
na ngapi ni ua wa makuti.

Aliyeumwa na nyoka, ung'ong'o humshtua.
Mwili wangu haukuumwa.
Ulionyeshwa ung'ong'o tu, begani,
Septemba, mvua ikipiga mabati ya shule,
ukaambiwa: nyoka yuko hivi.
Siku mbili za homa, viungo vinauma,
nikahesabu nguo zangu nani atarithi ipi.
Siku ya tatu nikaamka na njaa.
Tangu hapo mwili huu uko macho
kwa ajili ya kitu usichowahi kukiona.

Aliyekiona ni Posseh. Siku sita.
Jina langu liliingia kwenye orodha
kwa sababu nilishika kikombe chake.
Sikumwosha. Walikuja wenye miwani mikubwa,
wakambeba ndani ya mfuko mweupe,
na kaburi lake wakalipa namba
kama hivi ninavyopewa namba mimi
kwenye kila kibomba.

Nilikuwa na sauti yake kwenye simu,
sekunde kumi na moja:
*Yainkain, usisahau chumvi.*
Wakainyunyizia simu klorini pamoja na godoro,
na klorini haichagui.
Mwaka wa kwanza niliisikia kila alfajiri,
kikwaruzo chake, kicheko kilichojificha kwenye "chumvi".
Kisha ikashuka.
Sasa maneno ninayo yote
lakini nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe.
Nichoree na huo mstari, Sallieu.
Niambie kama umetandaa
au bado unateremka.

Anabandika pamba, anaibana kwa kidole gumba
muda mrefu kuliko inavyohitajika.
Anasema ndani kabisa, kwenye uboho wa mifupa,
kuna seli zimejikunyata kimya,
vibomba vyake havizifikii.
Siku nyoka akiingia, zitaamka bila kuitwa.
"Labda," anaongeza,
maana ukiacha zile hesabu, ni mtu mkweli.

Pikipiki imegoma mara mbili, ya tatu imekubali.
Damu yangu inakwenda zake juu ya mashimo ya barabara,
baridi, bila jina.

Narudi kwenye mizani na madumu.
Nyuma ya pazia Memunatu anakoroga majani ya muhogo.
Alikuwa na miaka miwili mama yake alipochukuliwa;
sasa ana tisa, hamkumbuki,
namba ya kaburi ndiyo aijuayo.
Anaonja. Ananiita,
na ndani ya mwito kuna kikwaruzo, kuna kicheko kilichojificha:
"Umesahau chumvi!"

Nimeshtuka
mpaka mafuta yamemwagika.