Hamali wa Wino

Nabintu ananionyesha kwenye kiganja cha glavu
punje za chuma, kama ulezi uliosagwa vibaya,
kila moja imevikwa plastiki
nyembamba kuliko utando wa kitunguu.
"Hawa mahamali," anasema.
Hujisugua na unga mweusi hadi uwagande,
huufikisha kwenye silinda, huutua,
hurudi kubeba mwingine.
Karatasini hawafiki kamwe.

Huku Rochester, theluji imefunika
magari ya zamu ya usiku.
Jana alipata barua ya uraia:
wino mweusi tii,
jina lake limerukwa herufi moja.
"Mchukuzi hana kosa," anacheka,
anawamimina ndooni.

Punje moja imeng'ang'ania mshono wa glavu.
Anaitazama.
Kengele inalia.