Kope za Ng'ombe wa Makorora

Salome nilimpata kwa karanga.
Yaani karanga za mia mbili, Barabara ya Kumi na Mbili,
na muuzaji akazifunga kwa ukurasa wa gazeti la zamani.
Nilikula nimesimama. Nikafika kisanduku cha mwisho:
baiskeli imeegemea nguzo ya stesheni,
kijana anasema, "Usiende, Salome. Treni haijapiga honi,"
na Salome amegeuka, kope ndefu kupita haki.
Kisha mafuta. Kisha karatasi imechanika.
Sikujua kama aliondoka.

Mwaka wa kumi na moja huu. Chini ya kitanda
maboksi mawili ya sabuni yamejaa katuni za mapenzi,
na Mwanakheri ananiuliza, kila akifagia,
hao wanawake wa karatasi wanahama lini.

Waliozichora hawakutia sahihi.
Labda waliona haya, labda mhariri alikata majina
ili wasije wakadai.
Basi nikajifunza kuwajua kwa mikono yao,
kama unavyomjua mpishi kwa chumvi.
Huyu vidole vilimshinda: wapenzi wake wote
wameficha mikono mifukoni, mgongoni, ndani ya kanga.
Huyu mvua yake huangukia kushoto, hata ndani ya nyumba.
Huyu kila mlango ana bawaba tatu. Alikuwa seremala, naapa.
Nikawaandika daftarini: Bwana Mfukoni, Bwana Mvua, Bwana Bawaba.
Na yule wa Salome, Bwana Kope.

Bwana Kope alininyima usingizi.
Nyuso zake zinapumua, zinakaribia kukutia aibu,
lakini baiskeli, baiskeli ni za mtu mwingine:
kila spoku mahali pake, mnyororo, breki,
hata kengele ina kivuli chake kidogo.
Halafu, kuanzia toleo la thelathini na moja,
hakuna baiskeli tena.
Wapenzi wanatembea kwa miguu, juani,
kutoka Chumbageni mpaka Bombo, viatu mkononi.
Niliandika pembeni kwa penseli: *Labda alichoka.*

Jumamosi moja ya Machi nikatumwa nyama nusu kilo.
Makorora, juu ya mlango wa bucha,
ng'ombe mwekundu kwenye bati, amegeuza shingo,
na zile kope.
"Ya mchuzi au ya kukaanga?" bucha anauliza.
Mimi namtazama Salome mwenye pembe.
"Kachora nani?"
"Bi Zaituni Shekigenda. Nyumba ya pili ukipita mashine ya kusaga."

Bibi. Daftari zima nilikuwa nimemwita Bwana.

Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo,
miwani imefungwa uzi mweusi.
Nikamwekea mapajani ule ukurasa wa karanga, doa na yote.
Akautazama, akautazama.
"Pua hii niliikosea," akasema.
Kisha akaweka kidole juu ya gurudumu
akalifuata nusu duara, akasimama, akarudi.
"Hii ya marehemu. Alikuwa karakana ya reli.
Akirudi usiku mimi nimeshamaliza nyuso,
ananawa mikono, anakaa, anatia magurudumu.
Tuligombana sana. Namwambia, mtu na mpenzi wake
nani anatazama breki?
Ananiambia, basi wataanguka."

Nikamtajia toleo la thelathini na moja.
Punje tatu za mchele alizitupa, nzima, si chuya.
"Mimi baiskeli sikujua kuichora," akasema.
"Ikabidi watembee."

Nyumbani nyama imechelewa, Mwanakheri kanuna.
Nimefungua daftari nifute yale maneno mawili,
kifutio kikavuka karatasi.
Pana tundu pale sasa, ukiinua unaona taa.
Na lile la Salome, kama aliondoka,
nilisahau kuuliza.