Pa Kusimama

Dakika ya tatu na sekunde kumi na moja
nilimkata Bi Shekuwe pumzi.
Sikujua. Nilikuwa Malindi, chumba cha juu ya duka la matairi,
feni inazungusha joto lile lile,
na msimamizi wa Nairobi kwenye simu anasema
sauti ya huyo mama nzuri, lakini fupisha,
mtazamaji hakawii kuchoka;
uso amekunyima, basi leta vidole,
leta ubani, leta moshi.
Nikaleta moshi.

Moshi ule, niseme kweli, haukuwa wake.
Niliufukiza mwenyewe, kwa chetezo cha kuazima,
ukumbini kwa jirani yake, huko Mkomani,
kwa sababu chumba anachosomeshea
kina taa nyeupe ya umeme,
kopo la samli lililojaa chaki,
kalenda ya duka la dawa,
na wasichana kumi na wanne wanaopiga miayo alasiri.
Imani, nilidhani, yataka mwanga uliopinda.

Nikavuka tena kwenda Lamu, kazi imo begini.
Tukatundika shuka. Thureya akazima taa.
Wasichana walicheka kujiona,
wakaziba midomo kwa mitandio,
mmoja akalalamika pua yake imezidishwa.
Bi Shekuwe hakutazama.
Aliinamisha kichwa akasikiliza,
kidole cha shahada kikitembea juu ya goti
kama kinafuata mstari tusiouona.

Kidole kikasimama.

"Rudisha."
Nikarudisha.
"Tena."
Punda akalia uchochoroni, tukamngoja amalize.
"Hapo. Mimi hapo sikusimama.
Umenisimamisha wewe."

Nikaanza kujitetea, muziki, Bi, ulikuwa unaingia,
akaniashiria mkeka.
Nikaketi, mwanafunzi wa kumi na tano,
binti wa katekista, msalaba umejificha ndani ya kola.
Akafungua juzuu, nami mikono nimeiweka nyuma.
"Hivi vijiherufi juu ya mstari wavionaje?
Mimu: simama, usipite.
Jimu: hiari yako.
Lamu-alifu: hapa hapasimamwi;
pumzi zikikuishia, rudi nyuma uanze tena."
Lamu, nikawaza. Mji mzima ndani ya katazo.

"Kuna mahali ukisimama mapema
laana humwangukia anayeswali,
na Mola hakumlaani.
Hayo makasi yako, mwanangu, yana mato?"

Nilimkumbuka baba akisoma somo la pili,
miwani imefungwa kwa uzi,
alivyokuwa akijaza kifua kabla ya sentensi ndefu
asije akamwacha mtume nusu njia.
Miaka yote hiyo nina kamera.
Baba sikumrekodi.

Usiku nilipewa kitanda kwa kina Thureya, sikukilalia.
Nilifungua kompyuta, nikautoa moshi kwanza.
Nikarudisha taa nyeupe, kopo, kalenda, miayo.
Kisha sauti: sekunde ishirini na mbili
za mwanamke anayefika mwisho wa aya
kwa miguu yake mwenyewe,
ananyamaza, anameza mate,
na nje huko mtu anakokota mtungi wa gesi.
Hata huo mtungi niliuacha.

Siamini yote anayoyaamini.
Hakuniomba niamini.
Ila sasa najua anapovuta pumzi,
na hilo, kwa mtu niliyemwendea na taa na mikataba,
ningelijua siku ya kwanza.

Msimamizi alipiga simu Jumatatu.
Hapa katikati, akasema, mbona hakuna kitu?
Nikamwandikia neno moja: mimu.
Akauliza ndiyo nini.
Nikamwambia angoje.